JUMBA LA KORONA: JINSI YA KUTAFUTA HABARI ZA KIWANDA CHA KALE



Akija mgeni pwani kwetu na kuuliza habari za kale, twajua pa kumpeleka. Twamwonyesha gofu la ngome, au msikiti wa mawe, au makaburi yenye nakshi. Lakini jumba la kiwanda lililoachwa, lenye paa la mabati yaliyotoboka na chuma chenye kutu, twalipita kama kwamba halina habari. Husemwa ni uchafu tu wa jana. Katika somo hili nataka kuonyesha ya kwamba jumba la namna hiyo nalo ni kitabu, na kwamba mwanafunzi anaweza kujifunza kukisoma.

Mfano wangu ni jumba la korona, yaani kiwanda cha kukwangua majani ya mkonge ili kupata katani. Majumba hayo yamejaa tangu Tanga na Pangani hata Lindi na Mikindani. Nimechagua mfano huu kwa sababu mimi ni mtoto wa Kionga, na habari za wazee wengi wa Cabo Delgado zimebaki huko ng'ambo ya Ruvuma, katika makorona, wala hazimo katika vitabu tunavyosoma.

1. KIONGA NA MKONGE

Kionga, ambayo Wareno huandika Quionga, iko pwani, kusini kidogo mwa mlango wa mto Ruvuma. Ni nchi ndogo. Pembe yote haizidi sana kilomita za mraba 400. Lakini udogo wake haukuiponya na magomvi ya wakubwa. Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana ya kwamba mpaka wao uwe mto Ruvuma. Baadaye Wadachi wakasema kwamba Wareno hawana haki kaskazini ya Rasi ya Delgado, na mwaka 1894 wakaitwaa Kionga. Wakakaa nayo hata Aprili 1916, Wareno walipoichukua wakati wa Vita Kuu. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, mataifa yaliyoshinda yakawathibitishia Wareno nchi hiyo.

Basi kwa muda wa miaka 22 Kionga ilikuwa chini ya bendera moja na Lindi, Pangani na Tanga. Na muda mfupi kabla ya miaka hiyo kuanza ndipo mkonge ulipoingia Afrika ya Mashariki. Mtaalamu mmoja wa kilimo, Dkt. Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Wadachi, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani. Safari ilikuwa ndefu, kupitia Hamburg. Ilipofika Tanga mwaka 1893, miche iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mlango wa mto Pangani. Katika miche hiyo 62 yalitoka mashamba makubwa ya nchi nzima. Mwaka 1913, kabla ya vita kuanza, koloni lile lilipeleka ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za katani.

Sasa msomaji ashike jambo hili: mpaka ulihama, lakini watu hawakuacha kuvuka. Kusini mwetu nchi kubwa ya Cabo Delgado ilikuwa imepewa Kampuni ya Nyassa, iliyopata hati yake mwaka 1891 na kutawala mpaka mwaka 1929. Kampuni hiyo haikuwa na mali nyingi ya kuendeshea nchi, kwa hiyo ilijilipa kwa kodi ya nyumba na kwa kukamata watu wafanye kazi. Kampuni ilipoondoka, serikali ya Wareno ilileta taabu nyingine: tangu mwaka 1938 kilimo cha pamba kilishurutishwa kwa nguvu, na shuruti hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1961. Watu walikimbia. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na mashamba ya mkonge yaliyotafuta mikono usiku na mchana. Waliovuka zaidi walikuwa Wamakonde wa nyanda za Mueda, na watu wa pwani walikuwamo pia. Wengine walikaa Lindi na Mikindani, wengine wakafika hata Tanga na Korogwe.

Kwa hiyo mtoto wa Kionga anapouliza habari za jumba la korona hatafuti habari za watu wengine. Anatafuta alikokwenda mzee wake.

2. JUMBA LENYEWE LASEMAJE

Anza na swali jepesi: kwa nini jumba hili lilijengwa hapa, lisijengwe pale? Hakuna mtu ajengaye kiwanda kwa bahati.

Jibu la kwanza ni maji. Jani la mkonge likikwanguliwa hutoa majimaji mengi na nyama za kijani, nazo lazima zioshwe, la sivyo katani huharibika rangi. Kwa hiyo korona hupenda kukaa karibu na mto au chemchemi. Tafuta mfereji ulioleta maji, na tafuta pia ule uliotoa uchafu. Penye uchafu wa mkonge wa miaka mingi udongo hubadilika, nawe utauona.

Jibu la pili ni umbali. Jani lililokatwa halingoji. Likikaa siku nyingi hukauka, na nyama yake hushikamana na nyuzi. Ndiyo sababu jumba hukaa katikati ya shamba, na reli nyembamba hutoka kwake kama vidole vya mkono. Katika mashamba mengi reli zenyewe zimekwisha kung'olewa, lakini tuta lake hubaki. Fuata tuta hilo kwa miguu, nalo litakuonyesha shamba lilifika wapi, hata kama leo pamekuwa pori au mihogo.

Ingia ndani. Upande mmoja ulikuwa wazi: hapo ndipo matoroli ya majani yalipoingia. Sakafuni utaona misingi minene ya saruji yenye misumari mikubwa ya chuma. Juu ya misingi hiyo ilisimama mashine yenyewe. Majani yalilazwa kwa ubavu juu ya meza iendayo, yakabanwa na kamba nene au mnyororo, yakapelekwa kwenye gurudumu pana lenye visu butu. Visu hivyo havikukata. Vilipondaponda na kukwangua nusu moja ya jani. Kisha jani lilibanwa upande mwingine, na gurudumu la pili likakwangua nusu iliyobaki. Kabla ya mashine hiyo kulikuwa na mtambo mdogo ulioitwa raspadora, ambao mtu aliulisha jani kwa mkono wake mwenyewe. Msomaji anaweza kufikiri hatari ya mkono kuwa karibu hivyo na gurudumu liendalo kasi. Ukikuta misingi midogo midogo mingi mahali pa msingi mmoja mkubwa, fikiri kwamba huenda raspadora zilitangulia.

Toka nje tena. Uwanja mpana wenye nguzo fupi fupi ulikuwa wa kuanikia: nyaya zilifungwa nguzo hata nguzo, na katani ikatundikwa juani. Chumba chenye vumbi lililoshika ukutani kilikuwa cha kusugulia kwa brashi. Mwisho ni chumba cha kushindilia, ambapo katani ilifungwa marobota na kupigwa alama ya shamba, tayari kwa safari ya bandarini.

Hapo nataka tufanye hesabu kidogo, maana hesabu nayo hufukua mambo. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi za katani. Robota moja lina kilo 250. Basi robota moja limekula kilo 6,250 za majani. Mwaka 1964, Tanzania ilipofikia kilele chake, ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Hizo ni marobota 920,000, na majani yake ni karibu tani milioni sita. Majani hayo yote yalikatwa kwa kisu, kwa mkono, jani moja moja, miba ikichoma na utomvu ukiwasha ngozi, kisha yakafungwa mizigo ya majani thelathini thelathini na kubebwa mpaka relini. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mashine yasifiwa sana, lakini kazi kubwa haikuwa ya mashine.

3. CHUMA NA KARATASI

Mashine za zamani huwa na kibao cha chuma chenye jina la aliyeiunda na mji wake. Neno lenyewe korona lilikuwa jina la mashine iliyoundwa na Krupp huko Magdeburg, Ujerumani, na watu wetu wakaligeuza kuwa jina la jumba zima. Pengine utakuta jina la Robey wa Lincoln, Uingereza. Andika yote unayoyaona, hata namba ndogo zisizoeleweka. Kutu haitangoji mwakani.

Lakini jihadhari. Umri wa mashine si umri wa jumba. Mashine huweza kununuliwa ikiwa kuukuu, au kuletwa baada ya ile ya kwanza kuchakaa. Linganisha na kuta. Mawe ya matumbawe na chokaa ni ujenzi wa zamani wa pwani. Matofali ya saruji kwa kawaida huja baadaye. Dirisha lililozibwa, mlango uliopanuliwa, paa lililoinuliwa, kila kimoja chaonyesha kwamba kazi ilibadilika.

Na mwenye mali alibadilika pia. Mtu akikuuliza kiwanda hiki kilikuwa cha nani, mwulize, mwaka gani? Waingereza walipowashinda Wadachi waliyatwaa mashamba yao kama mali ya adui na kuyauza. Wagiriki, Wahindi na Waingereza wakanunua. Baadaye Wadachi wengine wakaruhusiwa kurudi. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na katika mwaka huo huo serikali ya Tanzania ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Tena wakati huo kamba za nailoni na plastiki zilikuwa zimeanza kuushinda mkonge sokoni, bei ikaanguka, na makorona mengi yakanyamaza. Katika miaka ya 1990 mazao yalikuwa yameshuka hata chini ya tani 40,000 kwa mwaka, na serikali ikaanza kuuza mashamba kwa watu binafsi. Basi jumba moja laweza kuwa limebeba bendera tatu na wenyewe watano.

Karatasi za mambo hayo ziko. Nyaraka nyingi za zamani za Wadachi na Waingereza zimehifadhiwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na za Wareno ziko Maputo. Wakubwa zetu mnaofanya kazi katika miji hiyo mnaweza kutusaidia sana. Ila karatasi ina tabia yake: huandikwa na mwenye shamba au na serikali, nayo hueleza tani, bei, na upungufu wa wafanya kazi. Mfanya kazi mwenyewe humo ni namba. Hata jina walilopewa watu walioandikwa kazi kwa mkataba lilikuwa hilo hilo: manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kuandika watu, jina lake SILABU, nayo ilisafirisha maelfu ya watu kutoka mikoa ya mbali.

4. NJE YA JUMBA

Kwa hiyo usimalize kazi ndani ya jumba. Tembea mpaka kambini, yaani mahali walipolala watu. Hesabu vyumba, pima kimoja, uliza walilala wangapi. Tafuta kisima, tafuta duka, tafuta nyumba ya bwana shamba, nayo mara nyingi iko juu ya kilima penye upepo. Pima hatua kutoka nyumba ile mpaka kambini, kisha kutoka kambini mpaka kwenye mashine. Hatua hizo zitakufundisha jambo ambalo hakuna barua iliyoliandika.

Mwisho tafuta makaburi. Katika kambi watu walizikana kwa kabila na kwa dini, mbali na kwao. Huko ndiko waliko wengine ambao nyumbani walingojewa wasirudi. Nenda kwa adabu, na mtu wa mahali hapo akutangulie.

5. KUULIZA WAZEE

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kwenye faida na kuuliza kusikokuwa nayo. Ukimwambia mzee, "Shikamoo babu, nieleze historia ya korona," atakujibu kwamba ilikuwa kazi ngumu, na maneno yatakwisha. Mwulize juu ya mikono yake. Alishika nini asubuhi? Alisimama upande gani wa mashine? Nyapara aliwaamshaje? Posho ilikuwa nini, na nani aliipika? Wanawake walifanya kazi gani? Alikuwa na kipande, ile kadi iliyotiwa alama kila siku, ambayo mshahara haukutoka mpaka siku thelathini za kazi zitimie? Siku aliyougua, ilihesabiwa?

Usimlazimishe kutaja miaka. Mpe mambo ya kushikia. Ilikuwa kabla ya vita vya Hitler au baada yake? Tangu Wajapani walipotwaa Ufilipino na Java mwaka 1942, nyuzi za huko zilikatika, na Tanganyika ikashurutishwa kutoa zaidi, hata watu wakachukuliwa kwa nguvu kwenda mashambani. Alikuwapo bei ilipopanda wakati wa vita vya Korea, mwaka 1951? Alikuwapo siku ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961? Kwa vigingi hivyo utaweza kufunga habari yake mahali pake.

Kisha mwulize jambo moja zaidi: jioni mlizungumza nini? Maana katika kambi hizo walikutana watu wa nchi nyingi, wakazungumza Kiswahili, wakaunda vyama vya kuzikana na kusaidiana. Katika vyama vya Wamakonde wa Msumbiji waliokaa Tanganyika, Zanzibar na Kenya ndimo kilimotoka chama cha MANU. Tarehe 16 Juni 1960 watu walipokusanyika Mueda mbele ya gavana wa Wareno, Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliokuja kusema naye, walikuwa wametoka Tanganyika. Wakakamatwa, na askari wakawapiga watu risasi. Tarehe 25 Juni 1962, huko Dar es Salaam, MANU iliungana na vyama viwili vingine ikawa FRELIMO. Vita vya ukombozi vikaanza Septemba 1964, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Vitabu hutaja viongozi na mikutano, na ni haki. Lakini mtu aliyetoa senti zake za mkonge kulipa ada ya chama, naye yuko wapi katika kitabu?

6. KWA NINI TUFANYE SASA

Wengine watasema kwamba haya yangoje. Mimi nasema hayangoji, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, chuma huuzwa. Mashine iliyokaa miaka sitini huondolewa kwa siku mbili ikapelekwa kuyeyushwa, na kibao chake huenda pamoja nayo.

Ya pili, wazee hufa. Kijana aliyeingia korona mwaka 1955 akiwa na miaka kumi na minane, leo yuko karibu na miaka tisini, kama yu hai.

Ya tatu yatuhusu sisi wa Cabo Delgado zaidi ya wengine. Tangu Oktoba 2017 vita vimetawanya watu wetu, na Machi 2021 mji wa Palma, jirani yetu, ulishambuliwa. Watu walikimbilia Pemba, walikimbilia visiwani, walikimbilia Ruvuma. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na chungu. Hakumbuki sanduku lenye kipande cha babu. Nyumba ikiungua, kipande kimekwenda. Kilichobaki ni maneno tu, nayo yamo vichwani mwa wazee waliotawanyika.

Tena tazameni jambo hili. Huko Afungi, katika wilaya yetu ya Palma, kumeanza kujengwa mitambo mikubwa ya gesi, iliyopatikana chini ya bahari tangu mwaka 2010. Siku moja hayo nayo yatakuwa majumba ya kale, na watoto watauliza nani aliyafanyia kazi, alitoka wapi, alilipwa nini, alizikwa wapi. Tukijua kuuliza maswali hayo kwa korona, tutajua kuyauliza na kwa Afungi, tena mapema, wenyewe wakiwa hai na karatasi zikiwa mpya.

Basi naleta kazi ya likizo kwa kila msomaji. Chagua jumba moja la kazi lililo karibu na kwenu: korona, kinu cha pamba, kinu cha mafuta ya nazi, au ghala la bandarini. Lichore kwa penseli na kuandika vipimo. Andika majina yote yaliyo juu ya chuma. Tafuta mzee mmoja aliyefanya kazi humo, umwombe ruhusa, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, wala usiyapambe. Jina lake uliandike tu kama ameridhia. Nakala moja mpe yeye au watoto wake. Nakala ya pili ilete katika maktaba ya shule. Nanyi wakubwa zetu, mkiwa na kipande cha kale, picha au barua ya mshahara, msitupe. Tuleteeni tunakili, nasi tutawarudishia chenu.

Jungu kuu halikosi ukoko. Tukikusanya habari kumi tu kwa mwaka, baada ya miaka mitano maktaba yetu itakuwa na kitabu ambacho hakuna Mzungu wala serikali iliyokiandika, na ndani yake manamba watakuwa wamerudishiwa majina yao.